Gunia la Macho

Mwewe ilianguka Jumatano asubuhi, mbele ya wageni, na haikuanguka kwa heshima. Ilikuwa ikinguruma chini chini juu ya mpunga wa Mchombe, ikiwafukuza kwelea, mara ikakwama hewani kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma. Ikapinduka, ikajibamiza kwenye mfereji unaotenga shamba la Fridolin na la jirani yake Rabia. Wageni saba waliovaa mabuti mapya, waliotoka mikoa ya mbali kuja kuona jinsi ndege ya vita inavyolinda mpunga, walibaki wameduwaa. Mmoja alikuwa bado anapiga makofi.

Digna, mke wa Fridolin, aliyaona yote akiwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti chenye miguu mirefu ambacho watu wa bonde hili huhamia na sufuria zao mpunga unapotoa masuke, wasirudi nyumbani mpaka wavune. Mkononi alikuwa na ncha ya kamba. Aliitupa chini, akaifunika kwa mkeka, kisha akaukalia mkeka wenyewe kwa uzito wake wote, na Digna si mwanamke mwepesi.

"Mungu wangu," alisema. "Nimeiangusha."

Kamba hiyo ilikuwa marufuku. Miaka yote kabla ya Mwewe kila shamba lilikuwa na kamba zake, zimening'inizwa makopo na vipande vya nailoni, na mtu alikaa dunguni tangu alfajiri akivuta na kupiga kelele, akiwinga ndege mpaka sauti inamkauka. Kisha ikaja kampuni ya Bwana Gosbert na hiyo Mwewe, ndege isiyo na mtu ndani, mabawa yake marefu kuliko kitanda, iliyoundwa kulinda mpaka wa nchi ambayo Gosbert hakupata kuitaja jina. Kanuni ya kwanza ya mradi ikawa kwamba kamba zote zishushwe, maana zingeikwaza. Aliyeitangaza kanuni hiyo, kwa kipaza sauti cha kuazima kigangoni, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, yaani Fridolin mwenyewe. "Atakayekutwa na kamba," alinadi barabara nzima ya kwenda Mlimba, "atailipa ndege!" Digna ndiye aliyekuwa nyuma ya baiskeli siku hiyo, akimshikia spika.

Kule mferejini, rubani Viktor alikuwa amezama kwenye matope mpaka magotini. Alikuwa kijana mpole wa Morogoro mjini, na kwa kawaida aliirusha Mwewe akiwa kwenye kiti cha plastiki, rimoti kifuani, mwavuli juu. Gosbert alisimama ukingoni, tai imemkaa upande.

"Kuna kamba hapa, bosi!" Viktor alisema.

"Usiikate! Iweke kwenye gunia pamoja na vyuma, ufunge. Huo ni ushahidi." Gosbert aliwageukia wageni, akatabasamu kwa shida. "Ndugu zangu, hii siyo ajali. Tumehujumiwa."

Digna aliendelea kuukalia mkeka mpaka miguu ikafa ganzi.

*

Fridolin alikuja dunguni jua likiwa la utosi. Digna alimwandalia wali na kambale. Mume akanawa, akala matonge mawili, akanawa tena.

"Wanasema ngapi?" Digna aliuliza.

"Milioni ishirini na mbili."

"Si mlituambia milioni tisa?"

"Tisa ilikuwa mwaka juzi, Mama Violeth. Sasa imepanda."

"Yaani imeanguka halafu ndiyo ikapanda?"

Siku nyingine Fridolin angecheka. Leo alitazama tu eka zao nne, urithi pekee aliouachiwa na mama yake, mpunga umeanza kugeuka rangi na kuinamisha vichwa. Violeth, binti yao, alikuwa chuoni Ifakara akisomea uuguzi, na hakukuwa na gunia katika shamba lile ambalo halijapangiwa kazi.

Kupanda kwa bei za Mwewe hakukuwa jambo geni. Mwaka wa kwanza kila mwanachama alitoa debe moja la mpunga kwa eka. Mwaka wa pili madebe matatu, kwa sababu betri zilichoka upesi kuliko walivyodhani wataalamu, spea zilitoka ng'ambo, na dola nayo ikawa na mambo yake. Mwaka huu lilikuwa gunia zima la mavuno yaliyopita kwa eka, nalo likaitwa gunia la macho: Gosbert alieleza kwamba ndege itafungwa macho mapya ya kijeshi yanayoona hata uzi wa kushonea, iukwepe yenyewe. Lukelo, mkulima mbishi kuliko wote, alisimama katika kila kikao kuuliza swali lile lile. Kama ni nzuri hivyo, jeshi limeiachia nini? Gosbert akajibu kwamba jeshi limepata mpya zaidi, na watu wakamzomea Lukelo akae chini, amezidi kupinga maendeleo.

Digna hakuwa mpinzani wa maendeleo. Alipiga makofi pamoja na wenzake. Ila tangu msimu wa kwanza alikuwa ameona jambo ambalo hakujua amwambie nani. Mwewe ilikaa hewani robo saa, kisha ikashuka kuchajiwa kwa muda ambao mtu anaweza kuivisha sufuria ya maharage, na katika muda huo kwelea walirudi shambani kwake wakala kwa raha zao. Lakini kila mwisho wa mwezi Gosbert alileta taarifa kutoka kwenye kompyuta kwamba asilimia tisini ya ndege waharibifu wamefukuzwa, na majirani wote wakaitika kwamba ni kweli, mashamba yao yako salama. Basi Digna akaona kasoro ni ya kwake peke yake. Labda shamba lake lilikaa vibaya, au kwelea walikuwa wamelizoea. Akachana chandarua kikuukuu, akasokota kamba, akaitundika chini chini kati ya mpunga bila kopo hata moja, akawa anaivuta akiwa amelala kifudifudi dunguni, kimya kimya, tangu kabla hakujapambazuka. Akisikia mngurumo wa ndege, anailegeza ilale kwenye mpunga. Misimu miwili sasa hakuwa ameonja usingizi wa alfajiri. Fridolin, ambaye siku zote alilala kwenye ghala la kikundi akiilinda Mwewe, hakuambiwa. Kumwambia kungekuwa sawa na kumtukana mbele ya watu.

Jumatano hiyo Mwewe ilirushwa mapema kuwafurahisha wageni, na Digna aliposikia ngurumo alilegeza haraka. Sasa hakuwa na hakika kama kamba ililala.

"Aliyefanya hivi atajulikana Ijumaa kikaoni," Fridolin alisema. "Asipokuwa na fedha, shamba lake linauzwa. Mkataba unasema hivyo, na aliyeusaini ni mimi." Alijikuna shingo. "Tena mpaka Ijumaa hakuna kuingia shambani. Wala kuwinga. Gosbert anasema tutaharibu ushahidi."

"Na kwelea nao wameambiwa wasubiri Ijumaa?"

"Nimeagizwa, mke wangu. Nifanyeje?" Kisha akamtazama kwa pembeni. "Wewe pale mferejini hukuona kitu?"

"Nione nini mimi? Nilikuwa nageuza kambale."

"Aa. Basi."

Aliondoka haraka hata akasahau kofia. Digna alibaki ameishika, akajiambia kwamba mtu mwema kama huyu hakustahili mke kama yeye.

*

Alhamisi kwelea walikuja.

Walikuja kama wanavyokuja siku zote, wingu linalojikunja, ila safari hii hapakuwa na wa kuwazuia. Watu wa Mchombe walisimama barabarani, mikono nyuma, wakiangalia mpunga wao ukiliwa. Ndege walitua kwa Digna, kwa Rabia, hata kwa Lukelo. Masuke yaliinama kwa uzito wao na sauti ya midomo yao midogo ilisikika mpaka barabarani. Digna alishangaa kidogo kuona mashamba ya wengine yanavyoliwa sawasawa na la kwake, lakini uchungu ulimzidi, mshangao haukupata nafasi.

"Mnaona sasa?" Gosbert alisema, akipita katikati ya watu. "Siku moja tu bila Mwewe! Kuna watu walikuwa wanabeza. Wabeze na leo!"

Hakuna aliyembezabeza. Bernadetha, mweka hazina wa kikundi, mama aliyeisifu Mwewe kuliko hata Gosbert, alikuwa akitazama shamba lake huku akiuma upindo wa kanga. Lukelo mwenyewe alikaa kimya, jambo lililowatisha watu kuliko kwelea.

Fridolin alipita akikokota baiskeli. Gosbert alikuwa amemtwisha bawa lililovunjika alipeleke ghalani, pamoja na kile kiti cha plastiki. Mkono mmoja wa Fridolin ulikuwa kwenye usukani, mwingine umelikumbatia bawa lisianguke kutoka kwenye keria, na kiti kilikuwa kimemkaa kichwani. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakamwita "rubani mkuu." Hakugeuka. Digna aliona jasho linavyomtiririka, akajiuliza kwa nini hakulifunga tu lile bawa kama anavyofunga magunia siku zote, kisha akamwonea huruma kwa kuchanganyikiwa.

Rabia akamsogelea. Mumewe alikuwa mkata miwa kule kwenye mashamba makubwa ya sukari, walikuja bondeni kutafuta maisha, na eka yake moja na nusu ilikuwa ya kukodi. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Mama Violeth, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona uko hivyo?"

"Wamekuja kunihoji. Yule bosi na mtendaji. Wananiuliza nani kanituma." Alijifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Wanasema mfereji una mashamba mawili tu. Moja la mwenyekiti, na mwenyekiti hawezi kuhujumu mradi wake. Sasa amebaki nani, dada?"

Digna alifungua kinywa. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Akaona eka nne, akamwona Violeth na sare yake nyeupe, akakifunga.

"Mungu yupo," alisema, na akajichukia papo hapo.

*

Ijumaa kikao kilifanyika kwenye baraza la ghala la kikundi. Ndani ya ghala magunia ya macho yalikuwa yamepangwa mpaka darini, yakisubiri lori la Gosbert. Mezani kulikuwa na gunia jingine, lenye vyuma, limefungwa mdomo.

Mzee Barnaba, mwenyekiti wa kijiji, alifungua. "Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina."

"Na asalaam aleikum, mama Rabia."

Rabia aliitikia kwa sauti isiyosikika. Alikuwa amekaa peke yake mwisho wa benchi. Watu walikuwa wamebanana upande wa pili kana kwamba hasara inaambukiza.

Gosbert alisimama, akazungumza kwa urefu juu ya uzalendo, uwekezaji na mifano ya nchi zilizoendelea. Mwisho akafika alikokuwa anakwenda. "Ndugu wanachama, sisi si watoto. Mfereji unapakana na mashamba mawili. Hili la kwanza ni la mwenyekiti wenu, mtu aliyejitoa mhanga kwa mradi huu. La pili analima mtu ambaye hana hata asili hapa. Mimi sitaki kumtaja mtu."

"Umeshamtaja," Lukelo alisema.

"Mama," Mzee Barnaba alimwita Rabia, "una lolote la kusema?"

Rabia alisimama. Alijaribu kusema, sauti ikagoma. Alishika benchi kwa mkono mmoja, macho yakamjaa machozi mbele ya watu wote wale, na Digna akaona kwamba hawezi kunyamaza. Eka nne au eka arobaini, hawezi.

"Kamba ni yangu," Digna alisema.

Hakukumbuka amesimama saa ngapi. Baraza zima liligeuka. 

"Nimeiweka misimu miwili," Digna aliendelea, sasa ameshaanza hakuna kurudi. "Mwewe ilikuwa inaniacha, ndege wanakula. Nikaona ni shamba langu tu lenye mkosi. Rabia hajui chochote. Mume wangu hajui chochote. Mwacheni huyu mama akae."

"Kaa chini, Mama Violeth," Fridolin alisema.

"Sikai. Nimesema ukweli."

"Kaa chini, nakuomba. Kamba ni yangu mimi."

Digna alimtazama mumewe aliyekuwa amesimama mezani, bila kofia, uso umemsawijika. Machozi yakamtoka. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumpenda kama dakika ile. "Usinibebee, Baba Violeth. Mzigo ni wangu."

"Sikubebei! Nani anakubebea? Viktor, fungua hilo gunia watu waone."

Viktor alimwangalia Gosbert, kisha akafungua. Akatoa bawa la pili, akatoa kichwa cha ndege kilichopondeka, na kutoka kwenye pangaboi akazongoa kamba ya manila ya bluu, nene, iliyochakaa katikati kwa kusuguana na magunia. Digna aliijua. Aliinunua mwenyewe soko la Ifakara, kwa ajili ya keria ya baiskeli ya mumewe. Ya kwake ilikuwa ya chandarua, nyeupe. Ya kwake ililala.

"Wewe!" alisema.

"Mimi," Fridolin alisema, akitazama meza.

"Tangu lini?"

"Tangu masuke yalipotoka. Nikija asubuhi kukagua mfereji, nakaa kwenye matete, navuta kidogo. Niliona ndege wanatumaliza, na Jumatano sikuwahi kuilegeza kwa wakati. Ningemwambia nani? Mimi ndiye niliyeuleta mradi. Ndugu zangu, mniwie radhi. Mimi ndiye nitakayelipa."

 Ndipo Bernadetha alipojikohoza. Alisimama taratibu, akajifunga kanga vizuri, kama mtu anayekwenda mbele kutoa sadaka.

"Mimi ninazo tatu," alisema.

"Tatu nini?" Mzee Barnaba aliuliza.

"Kamba. Moja ina makopo pia, ila nimeyaziba kwa matambara yasilie."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwingine akasema ya kwake ni ya utepe wa kaseti, aliirithi kwa shemeji. Mwingine akainua mkono, kisha wa pembeni yake, kisha benchi zima. Lukelo alikiri mbili, akaongeza kwamba alikaa kimya jana yote kwa sababu aliona aibu: aliisema Mwewe vibaya kila kikao, kumbe alidhani ni yeye tu inayemkwepa kwa kumkomoa. Rabia, bado amesimama, akafuta machozi na kusema kwamba anayo moja, upande wa barabarani, siyo wa mfereji, na alikuwa akiomba Mungu usiku kucha wasiione.

"Na mimi kamba sina," Mzee Barnaba alisema alipoona macho yote yamemrudia. "Nina manati."

Baraza lilivunjika kwa kicheko. Watu walicheka wakishikana mabega, wengine mpaka wakakaa chini sakafuni, kicheko cha watu waliokuwa wakiogopana misimu miwili. Kumbe kila mmoja alijua kwamba ndege wanakula, na kila mmoja alidhani wanakula kwake tu.

"Basi mtalipa wote!" Gosbert alipiga meza. "Mmevunja mkataba kijiji kizima!"

Kicheko kikakatika. Kweli, mkataba ulikuwepo. Lakini Rabia alikuwa hajakaa, na sauti yake, iliyogoma mwanzo, sasa ilikuwa imepatikana.

"Samahani, mwenyekiti. Naomba kuuliza. Mimi nilitoa gunia la macho, na la nusu eka juu yake. Tuliambiwa macho yanaona uzi. Hiyo kamba ya kaka Fridolin ni nene kama kidole gumba. Macho hayakuiona?"

Hapo hata waliokuwa wakisinzia waliamka. Mzee Barnaba aliigeukia ile ncha nyingine ya meza. "Rubani, hilo ni lako. Tueleze, mwanangu."

Viktor alimtazama bosi wake. Bosi alimkazia macho. Viktor akatazama matope yaliyokauka kwenye suruali yake.

"Macho hayajafungwa, mzee."

"Yako wapi?"

"Hayajaagizwa."

"Yako kwenye mchakato!" Gosbert alisema, lakini hakuna aliyemsikiliza.

"Na hizo asilimia tisini?" Lukelo alipaza sauti.

"Kompyuta inahesabu kwelea wanaoruka," Viktor alisema. Ilionekana anasema jambo lililomkaa moyoni siku nyingi. "Haijui nani kawarusha."

Kulikuwa na makelele. Kulikuwa na mtu aliyetaka Gosbert avuliwe tai. Mzee Barnaba aliwaacha watoe hasira kidogo, kisha akanyoosha mkono.

"Bwana Gosbert. Sisi kweli tulivunja mkataba, hatukatai. Mahakama ipo Ifakara, na ofisi yako iko pale pale mjini, mtaa wa Viwanja Sitini, hutapata taabu ya nauli. Twende wote. Sisi tutamweleza hakimu habari za kamba, nawe utamweleza habari za macho."

Gosbert alikaa akifikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyozidi kunywea. Alidai angalau gharama za usafiri. Hakupewa. Mwishowe aliandika mbele ya mtendaji wa kijiji kwamba hamdai mtu yeyote chochote, akasaini, na kalamu ikamkwama mara mbili. Ghala likafunguliwa. Kila mtu aliingia akatoka na gunia lake la macho, wengine begani, wengine kichwani, na Bernadetha, mweka hazina, alisimama mlangoni akisema, "Hilo siyo lako, rudisha, lako lile lenye mshono mwekundu," akiwa na furaha kuliko siku zote alizokuwa akiyapokea.

Fridolin alitaka kuachia uenyekiti hapo hapo. Lukelo ndiye aliyekataa. "Kaa. Ukitoka wewe watanichagua mimi, na mimi nimezoea kupinga."

*

Walirudi dunguni wakisukuma baiskeli, magunia manne yakiwa yamekwenda na mkokoteni wa jirani. Milima ya Udzungwa ilikuwa imesafika baada ya mvua ya mbali.  Fridolin ndiye aliyeanza kusema.

"Misimu miwili unaamka alfajiri peke yako?"

"Na wewe unakaa kwenye matete na mbu."

"Nilikuwa naogopa utasema mradi wangu haufai."

"Haufai," Digna alisema. "Ila mimi ningekusaidia kuvuta."

Fridolin alisimama katikati ya njia akacheka, cheko lake la zamani la tumboni ambalo Digna alikuwa hajalisikia tangu madebe yalipoanza kupanda. Hasara ilikuwepo, hawakujidanganya. Kwelea walikuwa wamekula Alhamisi nzima na nusu ya Ijumaa, na kona moja ya shamba ilibaki mabua matupu. Lakini kona ni kona. Eka nne zilikuwa za kwao, ada ya Violeth ilikuwa imesimama pale pale shambani, na hapakuwa na mtu duniani anayewadai ndege.

Jumamosi, kabla jua halijatoka, bonde zima lilikuwa na kelele. Makopo ya Bernadetha, yaliyofunguliwa matambara, yalilia kuliko ya wote. Lukelo alikuwa akiwatukana kwelea kwa Kihehe. Upande wa pili wa mfereji Rabia aliimba huku akivuta, na kumbe yule mama wa maneno machache alikuwa na sauti ya kusikika mpaka stesheni ya treni. Fridolin alikuwa amekaa kwenye ukingo wa dungu, miguu inaning'inia, kamba tatu mkononi, akipiga ukelele wa "Haaaya! Haaaya!" ambao ulianza vizuri na sasa ulikuwa unamkauka. Wingu la kwelea lilishuka, likapokewa na kelele hizo zote kwa mpigo, likapinda, likaondoka kuelekea mtoni.

"Wameondoka!" alisema kwa sauti iliyobaki. "Umewaona? Wamegeuka wote!" Alijipangusa uso. "Mke wangu, nikikaa mpaka jua lipande, utanipokea? Nikuamshe saa ngapi?"

 Digna alikuwa amejilaza juu ya mkeka, ubavu mmoja, kanga kichwani, na katika kelele zile zote za bonde zima alikuwa amelala usingizi mzito.